Kinyozi Tuliyemwita Redio

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, familia imempa kazi ya kusoma karatasi hii mdogo wake marehemu wa kike, yaani huyu mnayemwona mbele yenu, na kwa kuwa karatasi za namna hii huandikwa kana kwamba anazungumza mtu mwingine kabisa, humu ndani ataitwa mdogo wake, mkisikia hivyo mjue ni huyuhuyu.

Marehemu alizaliwa Jumamosi ya tarehe 9 Machi 1968, katika zahanati ya kiwanda cha nguo ambako baba yake alikuwa fundi mitambo na mama yake mpishi wa kantini, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili, na mama alipenda kusimulia kwamba kutembea alichelewa lakini kuongea aliwahi, bado anatambaa alikuwa tayari anauliza nani kaja na kaleta nini.

Alianza darasa la kwanza Januari 1976 katika shule ya msingi iliyopakana ukuta na kiwanda hicho, akamaliza la saba mwaka 1982, akachaguliwa kwenda sekondari ya kutwa, huko akakaa miaka miwili tu, maana baba alivunjika mguu kazini na nyumba ikahitaji mtu mwingine wa kuingiza riziki. Mwalimu wake wa darasa aliandika kwenye ripoti ya mwisho kwamba kijana ana akili ila hanyamazi, mama akaisoma kwa sauti huku anacheka, akasema kumbe shule nzima imegundua kwamba nimezaa redio, na tangu siku hiyo jina likamganda, wengi wenu jina lake halisi mmelijua juzi kwenye tangazo la msiba.

Februari 1985 alianza kujifunza unyozi kwa mzee mmoja aliyekuwa na kiti kimoja nje ya ofisi ya posta, akafagia nywele mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kushika mkasi, na tarehe 3 Agosti 1991 akafungua chumba chake mwenyewe, kati ya duka la vipuri na duka la dawa, viti viwili vya kuzunguka, kioo kirefu na feni ya ukutani. Nywele alikata kama wenzake, lakini kwenye ndevu hakuwa na mpinzani, alikuwa na mkono mwepesi hata mtu alisinzia na wembe uko shingoni, na walikuja hadi wenye vipara, wakakaa tu wasikie habari za mjini, na akianza kisa cha jana alikitia chumvi mpaka mwenyewe anakicheka.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na mshonaji wa sare za shule, wakajaliwa binti mwezi Oktoba 1996, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana mwaka 2001, ambaye anasomea ufundi wa umeme, na ilikuwa nyumba ya kelele na kicheko, ukipita barabarani ulimsikia bwana mwenye nyumba kabla hujaliona paa.

Kuhusu kuugua, hapa mdogo wake anaiomba radhi kamati. Rasimu iliyoletwa jana ilisema marehemu aliugua kwa muda mfupi, ndivyo zinavyoandikwa nyingi, na aliyeiandika hakuwa na nia mbaya, lakini mdogo wake alichukua kalamu akayakata maneno hayo, kwa sababu marehemu aliugua miaka kumi na miwili, miezi mitano na siku kumi, na muda wote huo watu walimwambia si ugonjwa, leo akiwa kwenye jeneza tusimwambie tena.

Ulianza Jumamosi ya tarehe 4 Juni 2011, asubuhi, akipiga mswaki uani. Alidondosha kikombe akashika shavu la kushoto, akasimama wima bila kupumua, na ilipopita, kama dakika moja hivi, alimwambia mkewe kwamba amepigwa shoti ya umeme ndani ya fizi. Ikarudi mchana, ikarudi kesho yake, ikawa inarudi mara kumi, mara thelathini kwa siku, akitafuna inapiga, akinawa uso inapiga, upepo ukimgusa shavuni inapiga, na baya kuliko yote, akifungua mdomo kuongea inapiga. Kila aliyeelezwa, mdogo wake akiwemo, alisema ni jino. Basi kati ya Julai 2011 na Septemba 2013 aling'olewa meno saba, yote upande wa kushoto, yote mazima, meupe, na kila lilipotoka moja walimwambia labda ni la jirani yake.

Wakati huo aliacha kunyoa ndevu za kushoto kwa sababu pale hapakugusika kwa wembe, za kulia akazinyoa kama kawaida, na mtaa ukapata cha kuchekea, kinyozi mwenye ndevu nusu uso, wengine wakasema ni mtindo mpya, wengine wakasema kichwa kimeanza kumruka. Aliizima feni, baadaye akaing'oa kabisa, wateja wakalalamika joto. Alipunguza maneno hadi akawa anauliza kwa kidole, fupi au ndefu, na barabarani ukimsalimia alinyanyua mkono tu akapita, ndipo mkaanza kusema Redio siku hizi anaringa. Hakuwa anaringa, jamani, neno habari tu lilimgharimu dakika ya mateso, na wengi mlisalimia mkiwa mnapita hata jibu hamlisubiri.

Aliyemwamini kwanza alikuwa daktari wa meno, binti mdogo aliyekuwa na miezi mitatu tu kazini, marehemu alikwenda kwake tarehe 2 Oktoba 2013 kung'oa jino la nane, naye akaligonga, akalipiga picha, akaweka koleo chini, akasema jino hili halina kosa, kosa liko kwenye mshipa wa fahamu wa uso. Mdogo wake alikuwepo, alimwona kaka yake analia pale kwenye kiti, si kwa maumivu, kwa kuambiwa anaumwa kweli. Akaandikiwa barua ya kumwona bingwa wa mishipa ya fahamu, akasubiri miezi minne, na tarehe 12 Februari 2014 bingwa alimsikiliza dakika ishirini bila kumkatiza, akamwandikia vidonge.

Siku ya nne ya vidonge alikula chakula cha kutafuna. Siku ya sita alimpigia mdogo wake simu saa kumi jioni wakaongea hadi saa moja, yeye ndiye aliyeongea, mwingine alikuwa anafuta machozi na kusema ehe, ehe. Akanyoa uso mzima, feni ikarudi ukutani, na kwa wiki saba Redio ilisikika.

Wiki ya saba vidonge viliisha, yeye alikuwa na wateja, akamtuma mdogo wake akamchukulie kwenye lile duka la dawa la jirani, na muuzaji alipoisoma karatasi aliuliza kama mgonjwa wa kifafa ni mtu wa nyumbani. Ni kweli dawa ile hutibu kifafa, na hutibu pia mshipa wa uso, lakini muuzaji hakuyasema yote mawili na mdogo wake hakuuliza. Alichofanya ni kwenda nyumbani na roho juu, akaamini kaka anaficha ugonjwa, na jioni ile akamwambia mwanamke mmoja, rafiki yake wa siku nyingi, amsaidie kumwombea, akamsihi yasitoke. Mtama ukawa umemwagwa. Kifafa si aibu kwa mtu yeyote, lakini nani atamwachia shingo mtu mwenye wembe akidhani ataanguka nao? Siku ya tisa mteja mmoja aliyenyolewa kwake miaka kumi na mitano aliinuka kwenye kiti na povu la sabuni shavuni, akasema amekumbuka jambo, hakurudi.

Marehemu aliposikia kinachosemwa aliacha vidonge, ili akiulizwa aweze kusema kwa ukweli kwamba hamezi dawa ya kifafa, na hakuna aliyemuuliza, maumivu yakarudi, viti vikabaki vitupu. Mwaka uliofuata alianza dawa upya, safari hii kiasi kile cha kwanza hakikufua dafu, wakamwongezea, akawa na kizunguzungu na mkono unatetemeka, sasa kweli hakuweza kushika wembe. Tarehe 31 Oktoba 2015 alikabidhi chumba, akabeba kioo begani, na mtaani hakuna aliyetoka kumsaidia.

Mama watoto wake alipata kazi kiwandani mji mwingine mwaka 2016, akahama na watoto, na kwa hilo hakuna wa kunyooshewa kidole, ilikuwa lazima mtu mmoja aingize riziki. Marehemu alibaki katika chumba kimoja, nyufa za dirisha kaziziba kwa karatasi za gundi, kitambaa usoni hata jua kali, uji wa vuguvugu kwa mrija. Tangu mwaka 2018 muuguzi wa kliniki ya maumivu alimwingiza katika kikundi cha wagonjwa wa neva, hukutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi, mdogo wake alikwenda siku moja akaona watu watano wamekaa saa nzima, wameongea maneno machache sana, akamuuliza mnafanya nini pale, naye akaandika kwenye kijidaftari chake kwamba pale hahitaji kueleza. Siku nyingine zote za mwezi aligongewa mlango na mtu mmoja tu, mdogo wake, kila Jumanne na Ijumaa.

Tarehe 6 Novemba 2023 alilazwa kwa homa ya mapafu, akiwa na kilo arobaini na tatu, na Jumanne ya tarehe 14 Novemba, saa nne asubuhi, alifariki akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano, ameacha mjane, watoto wawili, na mdogo mmoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, na kwa namna ya pekee yule daktari wa meno aliyekataa kung'oa. Inawashukuru wenzake wa kikundi, watatu wamekuja, mmoja amekaa kule pembeni bila viatu kwa sababu miguu yake haivumilii hata soksi, asitazamwe vibaya. Inawashukuru vinyozi wenzake kwa jeneza, na majirani kwa kuja kwa wingi namna hii, kwa kweli mmejaa.

Karatasi ilitakiwa iishie hapo, ila kuna maneno ya Jumamosi ya tarehe 11, mchana, wodini. Nilimwambia, mimi, kwamba ile habari ya kifafa ilitoka kwangu. Miaka tisa nilikuwa nayo kifuani, kila Jumanne na kila Ijumaa nilikuja nayo na kuondoka nayo. Kaka alishika shavu, nikajua anajiandaa kuongea na ninajua bei yake, nikamwambia andika, akakataa daftari.

"Nilijua tangu wiki ileile," akasema.

Nikamuuliza kwa nini hakunigombeza hata siku moja. Alisubiri shoti ipite, mikono yote miwili imeshika kitanda, ndipo akamalizia.

"Ningekugombeza, angebaki nani wa kuja?"

Kaka, pumzika kwa amani. Leo wamejaa hadi nje, ungeweza kunigombeza.