Sekunde Arobaini Dirishani

Benchi letu liko nje ya duka la donati la Bi Sokha, mjini Sunnyvale, mkabala na lango la kituo cha utafiti wa anga. Wastaafu hukaa pale asubuhi wakirekebisha mambo ya anga yaliyowashinda walipokuwa kazini. Yule tunayemwita Jaji alikuwa mlinzi langoni. Msumari alichonga vyuma. Mimi nilitunga fomu. Mama Feni, ambaye kwenye hati ni Lorna Haskett, ndiye pekee aliyekuwa bado na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa inakwisha siku ile saa sita mchana. Kwa miaka minane, akiwa kwenye kiti chake hapa chini, aliendesha roboti inayoelea ndani ya kituo cha anga: kisanduku cha kubebeka kwapani, kinachosukumwa na feni. Sasa serikali ilikuwa inaikabidhi kwa kampuni binafsi.

— Wataikodisha kama baiskeli, alisema Msumari. Unapitisha kadi, unaondoka nayo.

— Baiskeli gani, wewe! Jaji akamkata. Itazunguka na matangazo. Mwanaanga anapiga mswaki, inamjia usoni: nunua godoro!

— Godoro la nini, na kule watu wanalala wakining'inia?

— Sasa wewe unadhani soko ni wapi?

— Haya. Mimi nakwambia tajiri wa Texas atampeleka mkwewe huko juu, halafu aikodi imchunge asirudi.

— Mama Feni, mbona kimya? Watetee wanaanga wako.

— Nakunywa kahawa, Jaji.

Hapo akatokea Anjali, mhandisi wa kampuni, tableti mkononi.

— Samahanini wazee wangu. Bi Lorna, nimepitia kumbukumbu zote za roboti. Kila mwisho wa zamu, kabla ya kuiegesha, uliigeuza ikatazama nje ya dirisha sekunde arobaini. Sikuona agizo. Ilikuwa kazi gani ile?

— Ukaguzi wa kamera, nikadakia. Uongo wa kiofisi hunitoka wenyewe.

— Kamera inajikagua yenyewe, mzee.

Mama Feni akaweka kikombe chini.

— Nilikuwa naangalia dunia tu, mwanangu. Nyumbani hakuna anayenisubiri, kwa hiyo sikuwa na haraka.

Anjali akatazama tableti yake.

— Kwetu kila sekunde lazima iwe na jina la mteja. Isiyo na mteja inafutwa kwenye ratiba kuanzia leo.

— Basi niandike mimi.

— Mteja hawezi kuwa mfanyakazi wa mradi.

— Saa sita ikifika, mimi si mfanyakazi wa mradi.

Anjali akaandika: Haskett, Lorna. Kidole kikashuka mstari wa pili, kikasimama.

— Na niseme umeomba huduma gani?

Jaji akatazama lango. Msumari akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Mama Feni akasogea kidogo kwenye benchi ili yule binti apate pa kukaa.