Mawingu Yamekimbilia Kigoma

Kijiwe chenyewe ni kiti cha nyuma cha Peugeot 504. Massoudi alikitoa kwenye gari la mteja aliyekwenda Ubelgiji bila kuaga, akakiegemeza ukutani nje ya gereji yake hapa Buyenzi, Bujumbura, na tangu embargo ya nchi jirani ianze na petroli iadimike, kiti hicho kimebeba watu wengi kuliko gari lilivyowahi kubeba. Massoudi wanamwita Buji, yaani plagi ya gari, kwa ajili ya kazi yake. Rénovat, karani wa serikali, wanamwita Kominike, yaani taarifa rasmi, maana kila asubuhi husikiliza redio ya Kifaransa, na alasiri huja kuwatafsiria wenzake, pamoja na yale ambayo redio haikusema. Mzee Khaled huleta kahawa na tangawizi, na maoni yake hutoa bure. Wa nne ni Jovithe. Yeye jina lake la kijiweni ni Kamenge, kwa sababu kila neno lake huanzia Kamenge, mtaa wao walioukimbia wakati wa vita, au huishia huko, ingawa kwa miaka miwili sasa analala hapa Buyenzi, katika chumba kimoja cha uani kwa dada yake Massoudi, yeye na mkewe na watoto watatu.

Alasiri hiyo ya Machi, mwaka wa tisini na saba, ilikuwa siku ya nane bila tone la mvua, katikati ya majira yenyewe ya mvua. Kule Kamenge, kwenye kiwanja cha Jovithe, kulikuwa na matofali mia sita ya udongo usiochomwa, rukarakara, yaliyofunikwa kwa majani ya migomba. Yakikauka, kuta zinasimama na familia inarudi kwao. Ndivyo alivyomwahidi mkewe, Epiphanie. Mvua ikiyakuta, yanakuwa tope tena, na safari inaahirishwa. Epiphanie alikuwa anaomba jua. Jovithe, Mungu amsamehe, alikuwa anaomba mvua, na hakuna aliyejua.

– Leo wamesema nini, Kominike? aliuliza. Mvua iko karibu?

Rénovat alikunywa kwanza. Mwenye habari hana haraka.

– Ile kimbunga ya Msumbiji imepita. Imekwisha. Sasa wametoa meteo ya kanda nzima. Nairobi, mawingu kidogo. Dar, mvua asubuhi. Kigali, jua, na radi mangaribi.

– Na sisi?

– Sisi hawakutusoma.

– Hawakutusoma namna gani?

– Wameturuka. Kutoka Kigali wamekwenda Lubumbashi, direct.

Massoudi alijipiga paja.

– Si nilisema! Ni embargo hiyo! Mvua yetu inatoka wapi? Inatoka ku bahari, inapita Tanzania. Na Tanzania wamefunga mupaka. Wingu inafika Kobero, wanaiuliza: we unabeba nini? Maji. Unapeleka wapi? Bujumbura. Rudi!

– Buji, wingu haipitaki ku douane, alisema Rénovat.

– Sasa petroli ilikosa nini? Nayo si maji tu?

Hata Jovithe alicheka, ila alitaka jibu lake.

– Muache mizaha. Kominike, itanyesha ao haitanyesha?

– Sikilizeni siyansi, alisema Rénovat, akakaa vizuri. Kimbunga ni kama mutu mwenye munalala naye kitanda moja, anavuta blanketi yote upande wake. Mawingu ya huku yote ilivutwa Msumbiji, njo maana tumebakia na jua. Sasa mwenyewe amekufa. Blanketi itarudi.

– Siku ngapi?

Jovithe aliuliza haraka kuliko alivyotaka. Massoudi alimtupia jicho.

– Siku mbili, tatu. Jumamosi inanyesha hapa, utaniambia.

Moyo wa Jovithe ulitulia. Jumamosi ndiyo siku aliyoahidi kuanza ukuta.

– Apana Jumamosi, alisema Mzee Khaled, akimimina. Wala Jumapili. Wavuvi wa Kajaga wameniambia, tangu juzi ndagala wameshuka chini, hawapandi. Munajua sababu yake? Ile kimbunga ilipita chini.

– Chini ya nini, mzee?

– Chini ya ziwa. Tanganyika haina mwisho, wallahi. Kule chini inagusana na bahari. Kimbunga ilivuta maji kule Msumbiji, na huku ziwa imepungua vidole viwili. Nenda bandarini, upime.

– Mzee Khaled, ziwa ingetoboka tungesikia, alisema Rénovat.

– Tungesikia nini, na hii kelele ya mabomu?

Hapo macho yote yakaenda milimani. Halafu Massoudi, ambaye hawezi kuvumilia huzuni kijiweni pake, akaendelea.

– Pengine ni mabomu yenyewe. Mwezi jana walipiga kule milimani wiki nzima. Wingu ni kitu laini, nayo inaogopa.

– Ikiogopa inakwenda wapi?

– Inakwenda wapi! Kwenye wanakwenda watu. Mawingu yetu yote iko Kigoma, ndani ya kambi ya wakimbizi. Wameipa karti, inakula maharagi ya HCR. Tena imekataa kurudi mpaka amani ipatikane.

Walicheka wote, lakini kicheko hakikufika mbali. Kila mmoja pale alikuwa na mtu Kigoma. Kila mmoja isipokuwa Jovithe. Mdogo wake, Valéry, hakuwa Kigoma. Siku watu walipoikimbia Kamenge, walikimbia pamoja mpaka bonde la mto Ntahangwa, na ng'ambo ya pili Jovithe alifika peke yake. Kila anapokwenda kiwanjani kugeuza matofali, macho yake hutangulia kwenye njia ile ya bondeni. Hilo hajamwambia mtu. Huwa anasema tu matofali bado.

– We, Kamenge, alisema Massoudi. Umetulia sana. Unasema nini?

– Mi niko na Kominike. Jumamosi itanyesha, na mingi. Afazali kungoja.

– Ungoje nini? Na hii jua? Mi ningekuwa nimefika ku paa!

– Ndani bado mabichi. Rukarakara inadanganya, ndugu yangu. Juu imekauka, ndani ni maji.

Aliyasema kwa sauti ya mtu anayeijua kazi, na papo hapo akajionea haya. Lakini wenzake walitikisa kichwa kwa kukubali, na Mzee Khaled akamwongezea kahawa.

Ndipo Epiphanie alipotokea barabarani. Hakuwa amewahi kufika kijiweni hata siku moja. Miguu yake ilikuwa na vumbi mpaka magotini, na kwapani alibana kitu kizito ndani ya kitenge. Wanaume walisogea kumpa nafasi.

– Mwiriwe mwese, aliwasalimu. Apana, sitakaa. Natoka Kamenge.

Alifungua kitenge, akaweka tofali juu ya kiti, katikati ya Massoudi na Rénovat. Lilikuwa limepasuliwa vipande viwili.

– Nimelipasua mwenyewe. Muangalie ndani.

Massoudi alikipigapiga kipande kimoja kwa ukucha. Rénovat alipitisha kidole mahali palipopasuka, kikatoka na vumbi.

– Imekauka, alisema Massoudi taratibu. Mpaka katikati.

Epiphanie hakumtazama. Alimtazama mumewe, bila hasira.

– Baba Odette, sasa tunangojea nini?

Rénovat, aliyekuwa ameieleza hali ya hewa kutoka Nairobi mpaka Lubumbashi, alitazama ndani ya kikombe chake. Massoudi hakutaja embargo. Mzee Khaled alishika birika asimimine. Jovithe, kwa mazoea, aliinua macho. Mbingu ilikuwa safi mpaka kwenye milima ya Kongo, hakuna hata kawingu ka kusingizia.

– Naogopa, Mama Odette.

Ilikuwa mara ya kwanza neno hilo kumtoka kinywani, na lilimtoka mbele za watu. Alisubiri wamcheke. Hawakucheka.

Epiphanie alikikunja kitenge, polepole, pembe kwa pembe.

– Mi pia, alisema. Nimeogopa njia yote, kwenda na kurudi. Nilizania niko peke yangu.

Jovithe alivichukua vile vipande viwili vya tofali, akavipakata, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti. Safari hii mkewe akakaa.