Futi Sita kwa Kipyegon

Kiarie, zima hiyo redio. Na wewe Tabby, weka machozi akiba, utayahitaji. Mnanong'onezana huko jikoni mtanizika wapi, na mimi bado nasikia. Nisikilizeni wanangu, pumzi niliyobaki nayo haitoshi kurudia neno.

Mji huu, wazee walituambia, jina lake kwa Wamaasai ni mahali pa vumbi, nami nililila vumbi hilo miaka yangu yote ya ukarani wa manispaa, nisijue kitakachonimaliza ni maji. Ziwa lilipanda kama mgeni asiyebisha hodi: likachukua mahindi, likachukua choo, likamchukua mama yenu Wangare pale kaburini, na leo viboko wanalala juu yake. Nilienda ofisini kuomba kibali cha kumhamisha, wakasema kaburi likaguliwe kwanza. Nikawapelekea picha ya maji. Wakaigonga muhuri, wakaniambia nirudi likishaonekana. Sikuwalaumu, muhuri kama ule nimewagongea watu maisha yangu yote. Mwosha huoshwa.

Hati ya shamba iko kwenye mkebe wa biskuti. Shamba lenyewe mnajua liliko. Msiligombanie, kiboko hasomi hati.

Sasa, jirani yetu Kipyegon. Hatukusalimiana miaka kumi na moja, nikiwaambia alisogeza bikoni, lile jiwe la mpaka, futi moja. Tabby, maji... kijiko tu. Si yeye, wanangu. Nililisogeza mimi, yeye alilirudisha tu. Juzi nilimwita nikakiri, nikamwomba mahali, maana shamba lake limepanda mlimani kidogo. Akacheka mpaka akakohoa. "Mzee Naftaly, futi moja ulininyima, leo unataka sita?" Kisha akanipa.

Kwa hivyo Kabazi, kwenye makaburi ya ukoo, msinipeleke, Kiarie, hata ukoo ukinuna. Nizikeni kwa Kipyegon, upande unaotazama ziwa, na kuanzia leo mumwamkie kama baba.

Na maji yatapanda tena. Mimi sina la kuyafanya, nanyi hamna. Yakinifikia... msikimbilie ofisini. Msinihamishe. Nilishindwa kumtoa mama yenu; basi yaacheni yanipeleke kwake.

Kiarie, mshike dada yako mkono. Hivyo. Mungu awalinde... awape watoto... awaweke... pakavu.