Kipa wa Pili Aliyekatazwa Goli

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mimi darasa la saba sikumaliza, lakini timu yetu ya Mikumi nimeianzisha mimi: jezi mimi, mipira mimi, usafiri roli langu. Kwa hiyo nikisema iliniuma, msinicheke.

Ndugu zangu, nawaambia, tulikuwa na kipa mmoja hodari kwelikweli. Kamati yetu ya ufundi, na kazi yake mnaijua, ikapeleka glovu zake kwa mganga. Mganga akatoa sharti: asikae mwingine golini, hata mazoezini, dawa itahama. Tukatii, watu wazima na ndevu zetu! Kipa wa pili akawa wa kuokota mipira vichakani. Akiomba kudaka, namfokea: "Kaa huko, zamu yako itafika!"

Ikafika. Mechi ya kubaki daraja, Kilosa mjini. Asubuhi hiyo tukasikia kipa wetu kachukuliwa na timu ya Kidodi. Tukamwingiza yule wa pili. Masikini, hata kupanga ukuta hajui. Shuti la kwanza alilikimbia. Tukashuka. Na watu waliokula wali wangu msimu mzima wakapiga kelele jukwaani: "Tajiri, kadake mwenyewe!" Wengine mmo humu. Nawaona.

Nikatangaza naivunja timu. Kesho yake akaja mama mmoja kutoka Kimamba, mzazi wa yule kipa wa pili. Hata maji hakunywa.

"Baba, mwanangu mnamtukana kwa kazi ambayo hamkumpa. Mpeni goli msimu mmoja. Akishindwa, namchukua akalime."

Siku hiyo hiyo nikatangaza timu haivunjwi.

Sharti nikalivunja. Kamati ikasusa, na isuse! Nikasajili kipa mwingine, nikaamuru: kipindi cha kwanza anadaka huyu, cha pili yule, hata tukiwa tunaongoza. Mwanzoni tulifungwa mpaka nikaona aibu kupita sokoni. Lakini mechi ya kupanda daraja, mmoja akavunjika kidole, mwenzake akaingia, na goli letu halikuguswa. Tukapanda.

Namshukuru yule mama. Namshukuru na mzee wa Rudewa aliyewanoa makipa kwenye jua kali. Kamati siishukuru.

Ninalowaachia ni hili: kipa wa pili mpe goli wakati wa kwanza bado mzima. Na nyie mlionizomea Kilosa, halafu juzi mkaja kuniomba niwaazime kipa wa timu zenu, jibu langu ni lile lile: siazimi. Kakuzeni wa kwenu.