Boaz Barasa, Aliyemfikisha Selpha Kanisani

Mchungaji wetu, majirani wa Ruiru, na jamaa mliopanda treni kutoka Bungoma, kwa niaba ya familia mimi Jeconia nawasomea maisha ya kaka yangu Boaz Barasa, aliyezaliwa Kimilili mwaka wa 1904, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, na mwaka wa 1927 akaja Ruiru kufanya kazi katika shamba la kahawa, akapanda hadi kuwa nyapara wa kiwanda.

Tarehe 12 Aprili 1931 alifunga ndoa na Nekoye, tuliye naye hapa, wakajaliwa watoto wanne, kitinda mimba akiwa Selpha.

Machi 1950 kaka yetu mkubwa, Dismas, alifariki kwa ugonjwa wa sukari baada ya kukatwa mguu, na Boaz, ambaye tumbo lake lilikuwa fahari ya ukoo mzima, akaogopa, akaenda kupimwa Thika, ambako daktari alimweleza kwamba bado hajaugua ila yumo njiani, kwa sababu mwili wake umekuwa mkaidi kwa dawa unayojitengenezea wenyewe ya kuitawala sukari, hivyo kongosho linafanya kazi maradufu, na siku litakapochoka ugonjwa utaingia. Alirudi akamwambia Nekoye, "Mama Selpha, mimi nataka kumpeleka mtoto huyu kanisani kwa miguu yangu miwili."

Tangu hapo akaacha sukari, akapunguza ugali, akawa anakwenda Thika kwa miguu huku basi likimpita, na wakwe walipokasirika kwa kuwa amekataa chai yao, aliwajibu kwa kicheko, "Nipeni isiyo na sukari, utamu nitaupata kwenu."

Tumbo likaisha, watu wakasema amerogwa, naye akakaza suruali kwa kamba akaendelea, na tarehe 7 Desemba 1957 siku ya harusi ya Selpha, akamshika mkono hadi madhabahuni Thika, akacheza mpaka jua likatua.

Mwaka uliofuata kongosho lilichoka, akaanza kudungwa sindano, hakulalamika, na tarehe 3 Juni 1959 homa ya mapafu ikamchukua akiwa usingizini, Nekoye akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Thika, majirani mliotuletea kuni na maji, wafanyakazi wenzake mliochimba kaburi hili mvua ikinyesha, na wewe shemeji Nekoye, uliyemtunza hata akazeeka kwa furaha.

Pumzika kwa amani, mwana wa mama yangu, hatukudai kitu.