Pazia Lililogeuzwa

Fundi wa mapazia alikuwa amejikalia zake dirishani, akitega sikio. Kwenye kiti cha mbele, abiria wawili wasiojuana walikuwa wakibishana juu ya filamu, na mabishano ya watu hayalipiwi nauli.

"Yule mwanamke alijua fika kwamba jirani anamchungulia," alisema mwanamume mwenye miwani. "Pazia lake hukuliona? Maua yametazama nje, mishono iko ndani. Alikuwa anamwita."

"Kaka, na wewe!" alijibu mama mwenye kapu. "Wamelitundika kinyume, basi."

Fundi alitabasamu. Juzi tu, kwa uchovu wa kushonea watu kutwa nzima, alitundika kinyume pazia lake mwenyewe, lile la ndege wa bluu, akaona uvivu kulishusha.

"Mama, hakuna anayekosea kitu kama hicho," mwanamume aliendelea, kwa upole. "Jengo linalotazamana na langu, ghorofa ya tatu, kuna pazia la namna hiyo hiyo. Ndege wa bluu, wote wananitazama mimi tangu juzi."

"Labda mwenyewe alichoka tu."

"Hapana. Yule anajua."

Basi likasimama. Mwanamume akaaga vizuri, akashuka, huku mama bado anabisha na mgongo wake.

Kondakta akamgeukia fundi. "Dada, si hapa unaposhuka kila siku?"

Fundi akaukumbatia mfuko wake wa vitambaa. "Hapana," akasema. "Mimi naendelea mbele."