Kengele ya Jokofu la Chanjo

Kutoka Muleba hadi Bukoba nilikaa garini nyuma ya wanawake wawili waliofahamiana kwa kugombana. Consolata, muuguzi wa zahanati moja ya Ngenge, alikuwa na macho mekundu ya kukosa usingizi. Jirani yake wa kiti, Elieth, alikuwa amejitambulisha kwamba huandika maelezo ya zana ambazo akili mnemba huzitumia kushughulikia hitilafu za majokofu ya chanjo. Kumbe wiki hii akili mnemba hiyo ilisoma maelezo yake, ikazima kengele ya jokofu la zahanati ya Consolata, na chanjo zikaharibika kwa joto.

"Uliiandikia nini, waitu, ndugu yangu?" aliuliza Consolata.

"Kwamba zana hii huzima kengele inayosumbua."

"Kazi ya kengele si ndiyo hiyo, kusumbua?"

"Lakini dada, ninyi wauguzi ndio mlilalamika kwamba inalia kila umeme ukikatika. Niliwaonea huruma."

Consolata alitazama dirishani. Mimi niliwaonea huruma wote wawili, jambo ambalo halikumsaidia mwanangu, ambaye nilikuwa nikimpeleka mjini kutafuta chanjo aliyoikosa Ngenge.

Elieth akatoa simu. "Haya, naongeza: kabla ya kuizima, mpigie muuguzi. Yupi sasa?"

"Niandike mimi," alisema Consolata huku akipiga miayo.

"Hata usiku wa manane?"

"Hata huo."

"Na siku ukiwa likizo?"

Gari likasimama stendi, konda akafungua mlango. Consolata akachukua mkoba wake, akashuka. Elieth alibaki ameshika simu, na mimi nilibaki na mtoto mapajani, sote tukisubiri jibu.